Mlango Wazi, Minervali ya Mgeni: Historia ya Wanafunzi Bila Makaratasi katika Koleji za Jamii za Marekani



Tarehe 4 Juni 2025, Wizara ya Sheria ya Marekani ilipeleka jimbo la Texas kortini. Jimbo halikujitetea. Lilikubali mashtaka siku ileile, na juji Reed O'Connor akatia saini siku ileile. Sheria yenye ilikuwa imeishi miaka 24 ikaanguka katika siku moja. Ilikuwa sheria ya 2001, iliyoruhusu kijana aliyekaa na kumaliza sekondari Texas, hata kama hana makaratasi ya kukaa Marekani, alipe masomo ya juu kwa bei ya mwenyeji.

Mimi nilisoma historia, na wale wenye walitufundisha walituzoesha swali moja: kitu hiki kilijengwa namna gani mpaka kikabomoka haraka hivi? Nimeuliza swali hilo juu ya sheria ya Texas, na jibu limenirudisha nyuma mpaka miaka ya 1970. Ninalileta hapa kwa sababu wengi wetu tuko na ndugu kule, na wengine kati yenu wanapanga safari.

Wazo langu ni hili. Hakuna sheria ya Marekani nzima inayokataza kijana asiye na makaratasi kuingia koleji. Kilichomzuia zaidi ni bei, na bei iliamuliwa jimbo kwa jimbo, mara nyingine na mtu wa ofisi tu mwenye kusoma fomu. Njo maana msaada uliodumu ni ule ulioingia mu kazi ya kila siku ya koleji, wenye mtu wa dirishani anaujua na anaufanya.

Koleji ya jamii ni nini

Ya kwanza ya serikali ilifunguliwa Joliet, jimbo la Illinois, mwaka 1901. California ilitunga sheria yake 1907, na Fresno ikaanza 1910. Mwaka 1947, tume iliyowekwa na Rais Truman ilipendekeza koleji hizi zienee nchi nzima, na jina la "koleji ya jamii" likashika tangu hapo.

Masomo yake ni ya miaka miwili. Ukimaliza, unaweza kuhamia chuo kikuu na kuendelea na mwaka wa tatu, ama unatoka na ufundi: uuguzi, umeme, makanika, hesabu za biashara. Hawachagui wanafunzi kwa mashindano. Mwenye diplome ya sekondari anapokelewa, na mara nyingi hata mtu mzima asiye nayo. Usiilinganishe sawasawa na graduat yetu ya zamani, lakini ukitaka kuelewa nani anasoma pale, fikiria mtu mwenye kufanya kazi mchana na kusoma jioni, mtoto wa kwanza wa familia kukanyaga shule ya juu.

Tena ni rahisi. California haikuwa ikilipisha wenyeji karo ya koleji hizi mpaka 1984. Tangu 2012 mwenyeji analipa dolari 46 kwa kredi moja. Lakini dolari 46 ni bei ya mwenyeji. Mwenye kuhesabiwa mgeni analipa mara kadhaa zaidi kwa kiti kilekile, mwalimu yuleyule.

Tyler, 1977

Mwaka 1975 bunge la Texas lilisema pesa za jimbo hazitalipia masomo ya watoto walioingia nchini bila ruhusa. Mji mdogo wa Tyler, mashariki mwa jimbo, ukaamua mwaka 1977: kila mtoto kama huyo alipe dolari 1.000 kwa mwaka. Hao ni watoto wa shule ya msingi. Wazazi wao walikuwa Wameksiko, wafanyakazi wa mishahara ya chini. Dolari elfu moja wakati ule, kwa mtu kama huyo na watoto watatu, maana yake ni kumuambia abaki nao nyumbani.

Familia nne zilishitaki. Korti ikawaruhusu wafiche majina, kwa hiyo kesi inaitwa Plyler na Doe: Plyler alikuwa mkubwa wa shule za Tyler, na Doe ni jina ambalo korti za kule zinampa mtu asiyetajwa. Juji William Wayne Justice alisikiliza kesi asubuhi sana ili familia zisionekane na watu wengi. Wazazi walifika na mizigo yao ndani ya magari, kwa sababu walifikiri wanaweza kufukuzwa nchini siku hiyo. Walienda hivyo hivyo.

Tarehe 15 Juni 1982 Korti Kuu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4. Juji William Brennan aliandika kwamba si haki kumubebesha mtoto kosa la mzazi wake, na kwamba kuwanyima watoto hawa shule ni kutengeneza tabaka la watu wa chini wasiojua kusoma, ndani ya nchi hiyohiyo. Tangu siku hiyo, shule ya msingi na ya sekondari ya serikali haiwezi kumkataa mtoto kwa ajili ya makaratasi.

Lakini uamuzi ule unaishia kwenye darasa la 12. Kijana anasoma miaka yote kama wenzake, anacheza mpira nao, anapata diplome nao, na kiangazi hicho hicho anajua kwamba yeye ni mgeni. Wengi waliligundua jambo hilo kwa mara ya kwanza wakati wa kujaza fomu ya koleji, pale fomu inapoomba namba ya usalama wa jamii, na mama anasema: wewe hauna namba.

Miaka migumu, 1994 na 1996

Mwaka 1986 sheria ya msamaha iliwapa makaratasi watu karibu milioni 2,7. Wenye walikuja nyuma ya hapo walibaki bila kitu, na hasira ya kisiasa ikapanda. Mwezi wa Novemba 1994, wapiga kura wa California, karibu 59 kwa mia, walikubali Pendekezo la 187. Lilitaka kuwatoa wasio na makaratasi katika shule za serikali, koleji za jamii zikiwemo, na hospitali pia, isipokuwa wakati wa dharura. Korti ililizuia karibu lote, lakini walimu wengi walikuwa wameisha kujiuliza: kesho nitaambiwa niwahesabu wanafunzi wangu?

Mwaka 1996 Rais Clinton alitia saini sheria ya uhamiaji yenye kifungu cha 505. Kifungu hicho kinasema: jimbo lisimpe asiye na makaratasi faida ya masomo ya juu kwa msingi wa mahali anapokaa, isipokuwa kama kila mwananchi wa Marekani anaweza kuipata faida hiyo hata kama hakai pale. Musome tena maneno "kwa msingi wa mahali anapokaa". Ubishi wote wa miaka 30 umekaa ndani yake.

Sheria ile ya 1996 iliweka pia mtego mwingine: mtu akisema uongo kwamba yeye ni mwananchi wa Marekani, anaweza kufungiwa njia ya makaratasi maisha yake yote. Nitarudilia jambo hilo.

2001: Texas na California zinatafuta njia

Watu wa Texas njo walitangulia. Mbunge Rick Noriega wa Houston aliandika muswada, na gavana Rick Perry, mtu wa chama cha Republican, aliutia saini mwezi wa Juni 2001. Kijana awe amekaa Texas angalau miaka mitatu kabla ya kumaliza sekondari, awe na diplome ya hapo, na aandike kiapo kwamba ataomba makaratasi ya kudumu siku sheria itakapomruhusu. Akitimiza hayo, analipa bei ya mwenyeji.

California ilifuata Oktoba mwaka huo kwa sheria inayoitwa AB 540, iliyoandikwa na mbunge Marco Antonio Firebaugh. Wao walikwepa kabisa neno la mahali pa kukaa. Walisema: miaka mitatu katika sekondari ya California na diplome ya California, basi. Kwa hiyo hata Mmarekani aliyesoma California, akahamia Nevada, kisha akarudi, anapata bei hiyohiyo. Mwaka 2010 sheria hiyo ilipopingwa, Korti Kuu ya California iliilinda kwa sababu hiyo: faida imetegemea shule uliyosoma, na Wamarekani wengi wanaipata.

Kwa mwanafunzi wa sheria hapa kwetu, kuna somo la kuandika sheria hapo. Majimbo mawili, mwaka mmoja, nia moja. Maneno ya California yalisimama kortini mwaka 2010. Ya Texas, yaliyogusa mahali pa kukaa na yaliyokosa mtu wa kuyatetea, yalianguka 2025. Sisemi tofauti ya maneno peke yake ndiyo iliyoamua, kwa maana serikali ya Texas yenyewe ilitaka sheria ife, na serikali ya Marekani imeishitaki California pia. Lakini avoka mwenye kutetea yuko na kazi nyepesi kama mwandishi alifikiri mbele.

Nguvu ya mtu wa dirishani

Sasa nawapeleka North Carolina, kwa sababu pale historia hii inaonekana wazi kuliko kwingine. Jimbo hilo liko na koleji za jamii 58. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 kila koleji iliamua kwa nafsi yake kama itawapokea wasio na makaratasi. Novemba 2007, ofisi kuu ya koleji ikatuma barua: wote muwapokee. Mei 2008, ofisi hiyohiyo: musiwapokee tena. Septemba 2009, baraza likapiga kura wapokelewe upya, lakini kwa bei ya mgeni, na wasichukue kiti cha mwenyeji katika darasa lenye nafasi chache.

Fikirieni kijana aliyemaliza sekondari kule mwaka 2008. Mkubwa wake wa 2007 aliingia, yeye akarudishwa, mdogo wake wa 2010 akaingia kwa bei ambayo baba hawezi. Hakuna aliyebadilisha katiba. Zilibadilika barua za ofisi.

Kila mtu mwenye kupita chuo kikuu hapa kwetu anajua aparitora. Unaweza kuwa na akili, profesa anaweza kukupenda, lakini kama bordero ya banki haiko ndani ya dosiye, unabaki inje siku ya mtihani. Mimi nilibaki inje mara moja mu mwaka wa pili, bordero iko mfukoni, kwa sababu mwenye kuandika liste alikuwa hajafika kwa herufi ya jina langu. Njo maana ninaposoma habari ya North Carolina, macho yangu yanaenda kwa yule mfanyakazi wa dirishani. Amepokea barua tatu zenye kupingana katika miaka miwili. Akikosea, kijana anaenda nyumbani na harudi. Mara nyingi harudi kweli, maana ameisha kupata kazi ya kuosha sahani na familia inategemea pesa hiyo.

Majimbo mengine yalifunga kabisa. South Carolina ilikataza mwaka 2008, na Alabama ikaingiza katazo kama hilo mu sheria yake kali ya 2011.

Wanafunzi wanatoka mafichoni

Mwezi wa Agosti 2001 maseneta wawili, Orrin Hatch wa Republican na Dick Durbin wa Democratic, walileta muswada wa DREAM wa kuwapa vijana hawa njia ya kupata makaratasi. Kutoka jina hilo watu wakaanza kuwaita Dreamers. Muswada ulirudi mara nyingi na haukupita.

Januari 2010, wanafunzi wanne waliosoma Miami Dade, koleji iliyoanza kama koleji ya jamii, walitoka Miami kwa miguu mpaka Washington, karibu kilometa 2.400. Kati yao alikuwemo Gaby Pacheco, mzaliwa wa Ecuador. Walitembea miezi minne, wakipita katika majimbo ambamo polisi angeweza kuwasimamisha wakati wowote. Desemba mwaka huo muswada ulipita katika Baraza la Wawakilishi, kisha ukakwama Seneti: kura 55 wakati zilihitajika 60.

Tarehe 15 Juni 2012, miaka 30 kamili tangu uamuzi wa Plyler, serikali ya Obama ilitangaza DACA: kijana aliyeletwa kabla ya kufika miaka 16 anapata kinga ya kutofukuzwa na ruhusa ya kazi kwa miaka miwili miwili. Zaidi ya vijana 800.000 waliipata. Haikuwa makaratasi ya kudumu, lakini kwa mwanafunzi wa koleji ilimaanisha kazi halali ya kulipia vitabu.

Tatizo liko ndani ya masharti. DACA inataka uwe umekaa Marekani tangu Juni 2007. Kijana wa miaka 18 katika mwaka 2025 alizaliwa 2007. Kwa hiyo karibu wote wanaotoka sekondari sasa hawamo, hata kama waliletwa wakiwa na mwaka mmoja. Na tangu Julai 2021 korti ya Texas imezuia maombi mapya yasikubaliwe. Wanafunzi wa leo wamerudi pale walipokuwa wakubwa wao wa 2001.

Msaada wenyewe unafananaje

Serikali kuu haiwapi burse. Burse ya Pell na mikopo ya serikali kuu ni ya wananchi na wenye makaratasi fulani. Kilichobaki ni jimbo, koleji, na watu wenye kujitolea. California ilijenga hatua kwa hatua, na ninaona kila hatua ilizaliwa na shida iliyoonekana dirishani.

Bei ilishuka 2001, lakini mwenye kulipa bei ya mwenyeji bila burse bado alishindwa. Basi sheria za 2011 zikafungua burse za jimbo. Wengine walisoma ufundi na wakakosa leseni ya kazi kwa kukosa namba ya usalama wa jamii. Sheria ya 2014 ikakubali namba ya kodi mahali pake. Watu wazima hawakuwa na miaka mitatu ya sekondari California. Sheria ya 2017 ikakubali pia miaka ya shule ya watu wazima na ya koleji yenyewe. Na kwa sababu wanafunzi walizungushwa ofisi kwa ofisi, sheria ya 2019 ikaagiza kila koleji ya jamii iweke mtu mmoja anayejulikana, mwenye kujua fomu zote hizi, wa kumpokea mwanafunzi asiye na makaratasi. Leo mtandao huo uko na koleji 116.

Huyo mtu mmoja ananigusa kuliko sheria zote. Kijana anaingia na hofu. Anakutana na mtu anayemuambia: jaza fomu ya jimbo, usijaze ile ya serikali kuu, usiandike kamwe kwamba wewe ni mwananchi, dosiye yako inalindwa na sheria ya 1974, koleji haiitoi bila ruhusa yako isipokuwa kwa amri halali kama ya korti, avoka wa bure anakuja siku fulani. Dakika 20 hivi zinaweza kuokoa miaka. Mahali penye sheria haiko, watu walitengeneza njia zingine: shirika la TheDream.US, lililoanza 2014 na ambalo Gaby Pacheco sasa analiongoza, linatoa burse bila kuuliza makaratasi ya kudumu.

Na sisi Wakongomani?

Hapa watu wanachanganya, acha nitenganishe. Mkimbizi aliyepelekwa Marekani kutoka kambi ya Burundi, Uganda ama Tanzania yuko na makaratasi siku ya kwanza. Mwaka wa bajeti 2016 Kongo yetu iliongoza nchi zote kwa wakimbizi waliopokelewa kule, zaidi ya 16.000. Hao wanaweza kuomba burse ya serikali kuu.

Mwenye kuomba hifadhi akiwa ameisha kufika, kama wale Wakongomani na Waangola waliopitia Amerika ya Kusini na kufika Portland, jimbo la Maine, mwezi wa Juni 2019, yuko katikati. Anaruhusiwa kungojea jibu, lakini burse ya serikali kuu haipati mpaka akubaliwe. Jibu likiwa hapana, anaweza kubaki bila makaratasi.

Wa tatu ni mwenye viza ya mwanafunzi. Viza ile inategemea masomo. Minervali ikikushinda, ukaacha darasa, hadhi yako inaanguka. Ninyi mwenye munaomba viza, hesabuni pesa ya miaka yote, musihesabu ya mwaka wa kwanza tu.

Texas leo

Baada ya ule uamuzi wa Juni 2025, serikali ya Texas iliagiza vyuo vitambue wanafunzi wasio na makaratasi na kuwapandishia bei. Florida nayo ilifuta sheria yake ya 2014 mwaka huohuo. Kwa mara nyingine, kijana anaulizwa dirishani kitu ambacho hakuulizwa muhula uliopita.

Lakini kuna kitu ambacho karatasi ya korti haikukifuta. Kwa miaka 24, maelfu ya watu walisoma kwa sheria ile. Wamekuwa wauguzi, walimu, mainjinia, na wengine wanafanya kazi mu ofisi za koleji hizohizo. Wanajua fomu, wanajua avoka ni nani, wanajua mwanafunzi mwenye kunyamaza kwenye kona ana swali gani. Katika historia hii, tangu zile familia nne za Tyler, kila mlango ulifunguliwa na watu waliokuwa wameisha kusimama mbele yake wakati umefungwa.

Kwa hiyo, wahitimu, kama uko na mdogo kule, muulize leo yuko katika kundi gani kati ya yale matatu, na mutafute pamoja jina la mtu wa koleji yake mwenye kazi hiyo. Na wewe uliyeajiriwa hapa kwetu mu aparitora ama sekretaria ya shule yoyote, jua kwamba namna unavyomueleza mwanafunzi ile fomu inaamua kama atarudi kesho.